Chaki ya Madame Régine

Régine Lotsove alifundisha darasa la pili kwa miaka kumi na mitatu, na kazi hiyo ilimwachia vitu viwili ambavyo hata vita havikumpokonya: sauti inayosikika mpaka barabarani, na tabia ya kusema nusu ya neno. Aliyesoma shule za kwetu anaijua tabia hiyo. Mwalimu anasimama mbele ya watoto sitini, anasema, "Ngombe iko nakula ma...", kisha ananyamaza na kuinua kidevu, na watoto wote sitini wanamalizia kwa sauti moja, "...jani." Hakuna anayefikiri, midomo inajimalizia yenyewe. Lakini ukiwa na watoto sitini na kitabu kimoja, na mvua inapiga bati, utafundisha vipi? Régine alifundisha hivyo, na watoto wake walijua kusoma.

Mwaka 2019 vita vilipofika wilayani kwao Djugu, alikimbia. Mume wake, Étienne, alikufa, na majirani wawili wakamzika nyuma ya shule, haraka haraka, blanketi badala ya sanduku. Alizikwa vibaya, lakini alizikwa, na Régine alijua mahali. Miongoni mwa watu waliomiminika mjini Bunia mwaka ule na vitanda vyao vichwani, kujua mahali kulikuwa jambo la kuonewa wivu. Alikaa kambini miezi kumi na minane, kisha akapata chumba mtaa wa Mudzipela, akauza sombe, majani ya mihogo, sokoni, akachoka kuuza sombe. Siku moja baada ya misa ikatangazwa kwamba kituo cha parokia kinatafuta akina mama waliowahi kufundisha, ili wajifunze kusaidia watoto walioona mambo mabaya. Régine alikuwa wa kwanza kusimama, kabla hata tangazo halijaisha.

Mafunzo yalitolewa na Kasereka, mwanasaikolojia kutoka Butembo, mtu mrefu mwenye miwani na subira isiyokwisha. Siku ya kwanza aliposema kwamba mtoto anatibiwa kwa kufuata vidole na macho, kulia, kushoto, kulia, kushoto, Régine alicheka mpaka akaomba msamaha. Hata majirani zake walipata la kusema. Walimwita daktari wa kufukuza nzi. Lakini Kasereka alieleza bila kukasirika. Mtoto anashika picha moja mbaya kichwani, ile inayomrudia kila siku, na wakati huohuo macho yake yanafuata vidole. Mnasimama, mnapumua, mnaanza tena. Polepole picha inapungua makali.

"Hatufute kitu," alisema Kasereka. "Ile kitu inabaki. Lakini inaacha kuuma sawa vile iko nafanyika leo."

Halafu akawapa sheria moja, akairudia kila siku ya mafunzo mpaka wakaichoka. Msiulize kilichotokea. Msiulize wapi, nani, lini, hayo ni ya polisi. Ulizeni tu, "Sasa kuko nini?" Na mtoto akijibu, hata akijibu kitu kisicho na kichwa wala miguu, semeni, "Fuata hiyo." Basi.

"Mutoto njo anatembea," alisema. "Weye unamubebea taa tu. Usimutangulie."

Régine aliandika maneno hayo katika daftari na kuyapigia mstari mara mbili. Alikuwa mwanafunzi mzuri, bora kuliko wote waliokuwa pale, na yeye mwenyewe alijua hivyo. Kitu kimoja tu alichokibadilisha ni vidole. Watoto waliolelewa vizuri hawamtazami mkubwa usoni, macho yao huanguka chini yenyewe, na vidole vyake vyeusi vilipotea katika kile chumba chenye dirisha moja. Akapata kipande cha chaki, akakishika kati ya vidole viwili. Macho ya watoto yakaifuata chaki mara moja. Kasereka aliitazama ile chaki, akasema haoni ubaya. Hakuna aliyefikiri kwamba chaki haiingii chumbani peke yake, kwamba nyuma yake unakuja ubao, na darasa, na mwalimu anayengoja jibu.

Abigaël aliletwa mwezi wa tatu. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, nywele zimesukwa vizuri na bibi yake, Koko Clémence, ambaye alimshika mkono kana kwamba barabara ingemmeza. Pikipiki ikipita, mtoto anaingia chini ya meza. Na Bunia ina pikipiki nyingi kuliko kuku, kwa hiyo mtoto huyo alikuwa anashinda chini ya meza. Alikojoa mkekani kila usiku. Shuleni hakusema kitu. Alipoulizwa aonyeshe kwa mikono ukubwa wa woga wake, alinyoosha mikono yote miwili mpaka ikakaribia kugusa kuta za kile chumba, na akabaki hivyo, akitetemeka, mpaka Régine akamwambia anaweza kuishusha.

Walianza taratibu. Kwanza walitafuta mahali pa amani pa kukimbilia kichwani picha ikizidi, na Abigaël akachagua nyuma ya jiko la Koko, pale kuku mwekundu anapolalia mayai. Kisha chaki, kulia, kushoto. Kila Jumatano. Wiki ya tatu pikipiki ilipita na mtoto akafumba macho tu. Wiki ya tano alilala usiku kucha. Wiki ya nane Régine alipomwambia aonyeshe ukubwa wa woga, Abigaël alifikiri, akafunga viganja vyake kana kwamba ameshika chungwa. Siku hiyo Régine alirudi Mudzipela kwa miguu akiimba nyimbo za kwaya njia nzima, na walimwona, wala hakuona haya. Tangu Étienne afe hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Shida ilikuwa Koko Clémence, ingawa kumwita shida ni kumwonea. Alikuwa amevaa nguo nyeusi mwaka wa pili sasa. Binti yake Gentille, mama yake Abigaël, aliuawa asubuhi ile kijiji chao kiliposhambuliwa, na watu walikimbia kila upande. Waliorudi siku za baadaye kuzika walipata miili mingine, ya Gentille hawakuipata. Na katika ukoo wa Koko, matanga hayatolewi bure. Lazima uletwe udongo wa pale mtu alipoanguka, uwekwe katikati ya ndugu, kila mmoja atupe kidogo katika shimo la kaburi, ndipo nguo nyeusi ivuliwe na marehemu apumzike. Bila udongo huo Gentille alikuwa bado anatangatanga, na mama yake alikuwa anamsikia akitangatanga.

Sasa, asubuhi ile, aliyekuwa na Gentille ni mmoja tu. Mtoto aliona, watu walisema. Shangazi walisema hivyo, mchungaji akasema hivyo, kila mgeni aliyekuja kutoa pole alimtazama Abigaël na kusema hivyo. Walimuuliza kwa upole, walimuuliza kwa biskuti, mjomba wake alimuuliza mara moja kwa kumtikisa mabega. Wenyewe kwa wenyewe walikuwa wamekata shauri kwamba ilikuwa mtoni, kwa sababu wengi walikimbilia mtoni, na walilizungumza hilo mbele ya mtoto kwa miaka miwili kama watu wanavyozungumza habari za mvua. Mtoto alinyamaza.

Koko alimwendea Régine nyumbani. "Weye unafunguaka kichwa yake," alisema. "Muulize."

"Koko, kazi yetu haiko vile. Tukimuuliza, tutamuharibu."

Alikuja mara ya pili, akajibiwa hivyohivyo. Alikuja mara ya tatu. Mara ya nne hakuomba. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwa Régine, akanywa chai yake taratibu, kisha akasema bila kumtazama:

"Bwana yako analala nyuma ya masomo. Weye unajua. Ukilala, roho yako inajua kwenye itaenda. Miye nikilala, yangu inazunguka tu. Mama Régine, weye unajua fasi bwana iko. Juu ya nini unanikataza miye nijue?"

 Régine alimsindikiza mgeni wake mpaka njiani, akarudi, akakaa palepale kwenye kile kiti, na aibu ikamshika, aibu ya mtu aliyeshiba mbele ya mwenye njaa. Kasereka angemwambia la kufanya, lakini Kasereka alikuwa Mahagi kwa wiki tatu, akifundisha kundi jingine.

Jumatano iliyofuata Abigaël alikaa kwenye kiti chake, mabega yamelegea, macho juu ya chaki. Walikwenda raundi moja, wakapumua. Raundi ya pili, wakapumua. Na Régine, ambaye hakuwa amepanga, au labda alikuwa amepanga tangu ile chai ya mlangoni, alisimamisha chaki hewani.

"Asubuhi ile, weye na mama mulikimbia mupande ya mu..."

Akanyamaza, akainua kidevu.

"...to," alisema Abigaël.

Régine hakuishusha chaki. "Na mama alianguka pembeni ya mu..."

"...to."

Ilikuwa sauti ndogo, tulivu, ya mtoto anayejua jibu. Régine alisikia furaha ya mwalimu, ile ya kidole kinachoinuka nyuma ya darasa kwa mara ya kwanza. Mtu mwingine yeyote angeona kwamba mtoto alikuwa amepewa kila kitu isipokuwa mkia wa neno. Régine hakuona. Katika daftari la kituo aliandika, "Mtoto ametulia. Amesema mahali." Namna alivyosema hakuiandika.

Jioni alikwenda kwa Koko. Mwanamke yule mzee alipiga magoti kwenye vumbi la ua wake, akalia, akashika mikono ya Régine na kuiweka kwenye paji la uso wake. Abigaël alikuwa amesimama karibu na jiko, anatazama.

Kitinda mimba wa Koko, Xavier, alikuwa dereva wa pikipiki, kijana wa miaka ishirini na sita anayejua kila kizuizi cha barabara na jina la kila anayekilinda. Aliondoka siku ya pili yake kwenda kuchukua udongo wa ukingo wa mto. Hakuna aliyemwambia asiende. Siku ya kwanza simu yake iliita. Siku ya pili haikuita. Koko hakula, na Régine, aliyepita pale asubuhi na jioni kuuliza, naye hakula. Siku ya nne mchana Xavier aliingia uani akisukuma pikipiki. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuliwa kwa risasi, mkono wake wa kushoto umefungwa kwa kitambaa chenye damu iliyokauka. Alikuwa amejificha siku nzima katika migomba, amelala kifudifudi, akisikia watu wanaopita wanazungumza. Lakini mfuko wa unga aliokwenda nao ulirudi umejaa udongo. Aliuweka miguuni kwa mama yake, akacheka, na watu wote uani wakacheka naye wakilia.

Tarehe ikapangwa, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ndugu wa Mahagi wakaitwa, wa Irumu wakaitwa. Ikaamuliwa pia kwamba atakayetupa udongo wa kwanza ni Abigaël, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona.

Jumatano kabla ya Jumamosi hiyo, Koko alimleta mtoto kituoni, akasema mkeka umeanza tena kulowa. Akasema ni kelele za maandalizi. Régine naye akataka iwe hivyo. Alimkalisha Abigaël, akamwomba aonyeshe woga uko vipi leo, na mikono ya mtoto ikafunguka, ikafunguka tena, mpaka ikawa pale ilipokuwa mwezi wa tatu, karibu na kuta.

Régine aliinua chaki. Macho ya Abigaël hayakuitazama. Yalitazama mdomo wake. Mtoto alikuwa anangoja nusu ya neno. Bila kujua sababu, Régine aliweka chaki chini, akainua vidole vyake vitupu.

Raundi moja. Pumzi. "Sasa kuko nini?"

"Kuko mugongo."

Régine alitaka kuuliza mgongo wa nani. Aliuma ulimi. "Fuata hiyo."

Kulia, kushoto. "Sasa kuko nini?"

"Kuko mugongo yangu. Mama iko nyuma."

"Fuata hiyo."

"Alisema kimbia. Alisema, Abi, usiangarie nyuma. Hata ukisikia nini, usiangarie." Mtoto alikuwa anapumua kwa mdomo. "Nilisikia. Lakini sikuangaria."

"Fuata hiyo," alisema Régine, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Sijue fasi, Madame. Sikuona kitu. Banasema niliona, lakini sikuona." Akamtazama Régine usoni moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Muto, weye njo ulisema."

Régine alimpeleka mtoto nyuma ya jiko kwenye kuku mwekundu, wakakaa huko kichwani mpaka pumzi zikatulia, kama alivyofundishwa. Alimkabidhi kwa bibi yake. Kisha akaenda kumtafuta Kasereka.

Kasereka alikuwa amerudi asubuhi hiyo. Régine alimweleza yote akiwa amesimama, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Kasereka alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Xavier iko muzima?" aliuliza.

"Muzima. Mukono njo aliumia."

"Aksanti kwa Mungu." Akaivaa miwani. "Nilikwambia usimutangulie."

"Ulisema."

"Basi utaenda kusema kwa Koko. Nikusindikize?"

"Hapana. Nitaenda miye moja."

"Mambo mawili. Usimuache mutoto aseme yeye moja. Na usiseme pa fasi yake."

Siku iliyofuata Régine hakwenda, na tusimsifu. Alishinda chumbani kwake akijitetea. Udongo ni udongo, alijiambia. Nani atajua? Koko atalala. Gentille, popote alipo, ataitwa kwa jina lake mbele ya ndugu zake, ataliliwa, ataagwa. Xavier hatajua kwamba alilala katika migomba kwa ajili ya kosa la mwalimu wa darasa la pili. Watu wazima wangapi wamezika sanduku tupu wakapona? Hoja zote zilikuwa nzuri. Lakini kila zilipomalizika kujipanga, Abigaël alikuwa amesimama mbele yake, na nyuma ya Abigaël ndugu wote wa Mahagi na wa Irumu, na mkononi mwa mtoto kuna udongo wa mahali asipopajua, na wote wanamngoja autupe. Angeutupa. Angekuwa mtoto mzuri, angemalizia neno. Na angelibeba neno hilo mpaka uzee wake.

Ijumaa alikwenda. Ua wa Koko ulikuwa umechangamka. Turubai la bluu limeshafungwa, wanawake wanane wanamenya mihogo na kutaniana, mbuzi wawili wamefungwa kwenye mti wa parachichi. Udongo ulikuwa ndani, kwenye beseni jeupe, umefunikwa kitambaa cha meza. Juu ya kitanda kililala kikwembe, kitenge kipya cha kijani na njano, kile ambacho Koko angekivaa kesho baada ya kuvua nyeusi. Alimwonyesha Régine kabla hata ya kumsalimia. Uso wake ulikuwa umerudi nyuma miaka kumi.

Régine aliomba mlango ufungwe. Walibaki wanne, Koko kitandani, Xavier ameegemea ukuta, Abigaël kwenye kigoda, Régine katikati amesimama.

"Koko, nilikosa," alisema. "Ile siku mutoto alisema muto, haikutoka kwake. Miye njo nilianza kusema, yee alimalizia tu, sawa vile mu klase. Nilimutia neno mu kinywa. Hii udongo haiko ya Gentille. Ao pengine ni yake, hakuna mwenye anajua. Kosa haiko ya mutoto, ni yangu."

Xavier ndiye aliyesema kwanza, polepole sana. "Nilipita mu risasi juu ya neno yako?"

"Ndiyo."

"Nililala mu migomba siku muzima. Nilisikia bantu banauliza pikipiki hii ni ya nani. Juu ya neno yako weye."

"Ndiyo, Xavier."

Aligeuka akaupiga ukuta kwa mkono wake mzima, na vumbi la udongo likaanguka sakafuni. Koko hakugeuka hata kidogo. Alikuwa anamtazama Régine kama mtu anayemtazama mwizi ambaye ni jirani.

"Unadanganya," alisema. "Mulikuwa na ugomvi kule kwenu kituoni, sasa munataka kunikatalia. Unataka nipoteze mutoto yangu mara ya pili. Abigaël."

Mtoto aliinua uso.

"Sema. Mama yako alianguka fasi gani?"

Abigaël hakumtazama bibi yake. Alimgeukia Régine, akamtazama mdomo.

Nje visu vilikuwa vinagonga mihogo. Mwanamke mmoja alicheka. Régine alisikia taya lake likitaka kufunguka, alisikia kidevu kikitaka kuinuka, miaka kumi na mitatu ya darasa la pili ikimsukuma kutoka ndani. Neno moja tu, nusu yake, lingemwokoa mtoto huyu na kimya hiki. *Si...*, na angemalizia, *...jue*. Tena ungekuwa ni ukweli. Lakini ungekuwa ukweli wa Régine. Akaibana midomo yake mpaka ikauma, akatazama chini, akangoja. Pikipiki ilipita karibu kabisa na ukuta. Abigaël alishtuka, akashika kigoda kwa mikono miwili, lakini hakuingia chini ya kitanda.

Hakuna aliyemsaidia.

"Sijue, Koko," alisema Abigaël. "Mama alinikataza kuangaria nyuma. Nilikimbia tu. Sikumuona kuanguka. Sikuona kitu."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike Bunia kusema maneno mengi hivyo mbele ya ndugu zake, bila mtu kumwanzia.  Koko akauliza, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Hata kidogo tu?"

"Alinikataza, Koko."

Mwanamke mzee alichukua kile kikwembe cha kijani na njano, akakikunja mara mbili, mara nne, akafungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda, akakiweka ndani kabisa, chini ya vitu vingine. Akafunga sanduku. Akaweka sawa kitambaa cheusi kichwani mwake.

"Xavier," alisema, "bapigie ba Mahagi simu mbele bapande gari. Sema hakuna matanga."

"Na ba Irumu?"

"Bo bako njiani. Bakifika, batakula." Kisha kwa Régine, bila kumtazama: "Beba ile udongo. Sitaki ilale humu."

Régine aliinama, akajitwisha beseni kichwani, akatoka. Wanawake wa mihogo walinyamaza wote alipopita katikati yao, wakijua kitu kimevunjika bila kujua ni nini. Beseni lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Hakujua ataumwaga wapi udongo ule. Hauwezi kumwagwa njiani, hauwezi kumwagwa shambani, kwa sababu labda, labda tu, ulikuwa na haki ya kuheshimiwa. Alikuwa na uhakika pia kwamba mtoto huyo hataletwa tena kituoni, na wazo hilo lilimuumiza kuliko macho ya Xavier.

Kwenye uzio alisikia miguu midogo nyuma yake. Abigaël alikuwa amemfuata. Alisimama, akamtazama Madame Régine na beseni lake, na bila kuombwa alinyoosha mikono kuonyesha ukubwa wa woga wake. Haikufika kwenye kuta za kile chumba. Wala haikuwa chungwa. Ilikuwa upana wa mabega ya mtu mzima.

Régine alishika beseni kwa mkono mmoja. Alitafuta swali, akalipata lile moja alilofundishwa.

"Sasa kuko nini?"

Abigaël aliitazama nafasi iliyokuwa kati ya mikono yake.

"Kuko mama tu," alisema.

Ilimpasa Régine aseme, "Fuata hiyo." Alifungua mdomo na sauti haikutoka. Mtoto alingoja kidogo, akaona hakuna kinachokuja, akashusha mikono, akarudi ndani kwa bibi yake.